Sura ya Saba: Mtunza Ratiba na Mtunza Stoo

Jumapili ya Juni 17, 2012, mafundi wa Royal Bank of Scotland, kundi lililomiliki pia benki za NatWest na Ulster Bank, waliweka toleo jipya la programu ambayo wateja wao hawakuwahi kuisikia. Programu ya aina hiyo haina sura. Haimwonyeshi mteja kitufe wala ukurasa. Kazi yake ni kuita kazi nyingine kwa zamu usiku, benki zikishafungwa: miamala ya siku ikusanywe, salio zirekebishwe, riba ihesabiwe, taarifa zipelekwe kwenye mashine za kutolea fedha, ili kunapokucha mteja akute akaunti yake ikisema ukweli wa jana. Kazi ya pili haianzi mpaka ya kwanza iseme imekwisha.

Toleo jipya likaanza kusumbua. Jumanne, Juni 19, mafundi wakaamua kuliondoa na kurudisha la zamani. Hawakujaribu kwanza kuona kuondoa kwenyewe kungeleta nini, na hawakujua kwamba matoleo yale mawili hayaelewani. Ratiba ya usiku ikavurugika, na kwa kuwa kila usiku husubiri usiku uliotangulia, kazi zikaanza kurundikana.

Zaidi ya wateja milioni 6.5 nchini Uingereza waliguswa. Wengine walishindwa kutoa pesa na wengine kulipa mikopo ya nyumba kwa wakati. Waliokuwa safarini nchi za nje walijikuta hawana fedha mkononi. Kampuni zilishindwa kulipa mishahara. Jumapili ya Juni 24 matawi yalifunguliwa, jambo lisilo la kawaida kwa benki hizo, ili watu wahudumiwe ana kwa ana. Mifumo mingi ya RBS na NatWest ilitengemaa kufikia Juni 26, lakini wateja wa Ulster Bank huko Ireland ya Kaskazini walisubiri mpaka Julai 10. Novemba 2014 wasimamizi wawili wa sekta ya fedha wa Uingereza walilitoza kundi hilo faini ya pauni milioni 56, na Benki Kuu ya Ireland ikaitoza Ulster Bank euro milioni 3.5.

Miaka mitano baada ya kisa hicho, Marekani, mambo yaliharibika kwa njia nyingine kabisa. Equifax ni kampuni inayotunza historia za mikopo za mamilioni ya watu, na wengi wao hawajawahi kuomba itunze chochote chao. Machi 7, 2017 ilitangazwa kwamba Apache Struts, programu huria inayotumika kujengea tovuti, ina tundu ambalo mdukuzi anaweza kupita. Siku iliyofuata serikali ya Marekani ikatoa tahadhari. Machi 9 barua pepe ikazunguka ndani ya Equifax: kila mwenye mfumo unaotumia Struts aweke kiraka ndani ya saa 48.

Nani ana mfumo unaotumia Struts? Hapo ndipo kampuni ilipokwama. Haikuwa na orodha kamili ya mifumo yake. Orodha ya wapokeaji wa ile barua pepe ilikuwa imepitwa na wakati, na watu waliopaswa kuweka kiraka hawakuipata. Machi 15 mitambo ilikaguliwa kwa programu ya kutafuta tundu hilo, ikarudi mikono mitupu. Tundu lilikuwepo, kwenye ACIS, mfumo ambao asili yake ni miaka ya 1970 na ambao wananchi waliutumia kupinga taarifa zenye makosa katika rekodi zao. Wadukuzi waliingia Mei 13 na kukaa siku 76. Walikuta faili lenye majina na nywila za kufungulia kanzidata nyingine, wakaziuliza kanzidata hizo maswali yapatayo 9,000, na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147.

Visa hivi viwili vinasaidia kutofautisha familia mbili za programu ambazo kila idara ya TEHAMA huzihitaji na ambazo mara nyingi huwekwa kwenye bajeti kana kwamba ni ndugu. Ya kwanza ni programu za kupanga ratiba ya kazi. Ya pili ni mifumo ya kusimamia mali za TEHAMA. Ya kwanza hujibu swali la nini kifanyike, lini, na baada ya nini. Ya pili hujibu swali la nini kipo, kiko wapi, ni cha nani na kitaisha lini. Moja ni mtunza ratiba, nyingine ni mtunza stoo mwenye leja yake.

Mtunza ratiba anayejulikana zaidi ni cron, aliyezaliwa na mfumo wa Unix katika maabara za Bell Labs miaka ya 1970. Hata leo seva nyingi za Linux humtumia. Lugha yake ni ya mkato mno: kila mstari una nafasi tano, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, halafu inafuata amri yenyewe. Mstari unaoanza kwa 0 2 * * * unasema kazi ifanyike saa nane kamili usiku, kila siku, daima. Fundi huuandika kwa nusu dakika, na unaweza kuendelea kutii miaka kumi baada ya fundi huyo kuhamia kwingine.

Udhaifu wa cron ni kwamba huangalia saa tu. Tuseme saa nane usiku nakala rudufu ya kanzidata huanza kutengenezwa, na saa tisa kazi nyingine huichukua nakala hiyo na kuituma nje ya jengo. Kwa miaka miwili nakala imekuwa ikimalizika kwa dakika arobaini. Biashara inakua, data inaongezeka, usiku mmoja nakala inachukua dakika sabini. Saa tisa inapofika cron huanzisha kazi ya pili bila kuuliza, na kinachotumwa nje ya jengo ni faili nusu. Hakuna anayejua mpaka siku nakala hiyo itakapohitajika.

Ndiyo maana benki na kampuni za bima zilizotumia kompyuta kubwa zilinunua mapema programu zinazofahamu utegemezi, kama Control-M na CA-7, na ndiyo maana kizazi kipya kikajenga zake. Oktoba 2014 mhandisi Maxime Beauchemin alianzisha Airflow ndani ya Airbnb, kampuni iliyokuwa na kazi nyingi za data zinazosubiriana. Programu hiyo ilitolewa huria mwaka 2015, na mwaka 2019 ikawa mradi kamili wa Apache Software Foundation. Humo kazi hupangwa kwa lugha ya Python, kama vituo vilivyounganishwa kwa mishale ya upande mmoja, bila mshale hata mmoja kurudi ulikotoka. Kituo kimoja kikikwama, hujaribiwa tena mara kadhaa kama ilivyoagizwa. Kikishindikana, vilivyo mbele yake husimama, na mhusika hupata ujumbe. Hitilafu ikisharekebishwa, siku zilizopotea zinaweza kurudiwa moja baada ya nyingine.

Kalenda ni ufundi wa peke yake. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi: saa saba usiku ikifika inakuwa saa nane papo hapo, na kazi iliyopangwa saa saba na nusu haina wakati wa kufanyika. Oktoba saa hurudishwa nyuma, na saa saba na nusu hiyohiyo hupita mara mbili. Afrika Mashariki haina usumbufu huo, lakini ina wake. Seva nyingi zinazokodishwa ughaibuni hutumia saa ya dunia, na kazi iliyoandikwa ianze usiku wa manane kwa saa hiyo huanza saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wakala anayefunga hesabu za siku hushangaa kuona miamala ya saa nane usiku imehesabiwa jana. Kisha kuna Idd. Benki ya Mombasa, Zanzibar au Muscat haiwezi kuandika Januari tarehe kamili ya sikukuu hiyo, kwa kuwa mwezi huandama ndipo siku ijulikane. Mtu wa ratiba hukaa karibu na kompyuta jioni ya kungoja tangazo, na siku ya kazi hugeuka sikukuu saa chache kabla ya kuanza.

Mtunza stoo ana maisha ya polepole zaidi. Rejista yake huanza na vitu vinavyoshikika: kompyuta mpakato, seva, printa, ruta, simu za ofisi, kila kimoja na namba yake ya kiwandani na kibandiko cha msimbo pau. Yeyote aliyewahi kuona namba zilizopakwa rangi nyuma ya kiti cha ofisi ya serikali anaijua hatua hiyo. Katika TEHAMA, hata hivyo, kitu chenyewe ni mwanzo tu. Rejista inayostahili jina hilo inasema pia kompyuta ile ina mfumo gani endeshi, toleo lipi, imewekewa programu zipi, leseni zake zimenunuliwa ngapi na zinaisha lini, dhamana ya mtengenezaji ina umri gani, nani aliipokea, nani anawajibika ikidukuliwa.

Kukusanya habari hizo kuna njia mbili kuu. Ama kila kompyuta huwekewa programu ndogo inayotuma taarifa zake kila mara, ama mfumo hupita kwenye mtandao ukibisha hodi kwenye kila anwani na kuandika nani ameitika. Njia ya kwanza hupata undani, lakini huikosa mashine ambayo hakuna aliyeiwekea programu hiyo. Ya pili hugundua mashine ngeni, lakini haiioni iliyozimwa au iliyo nyumbani kwa mfanyakazi. Ofisi makini hutumia zote mbili.

Bidhaa zenyewe zinatofautiana mno kwa ukubwa. Snipe-IT, iliyoanzishwa na Alison Gianotto, ni huria na inamfaa mwenye kompyuta mia mbili: nani kachukua nini, lini, na je, karudisha? GLPI, iliyotoka Ufaransa mwaka 2003, nayo ni huria, na huunganisha rejista na dawati la kupokea malalamiko ya watumiaji. Upande wa pili kuna ServiceNow, kampuni iliyoanzishwa na Fred Luddy, inayouza kwa mashirika makubwa mfumo ambamo kila seva imechorewa uhusiano wake na kila huduma inayoitegemea. Na mbali na zote hizo lipo faili la Excel lenye jina kama Rejista_mwisho_mpya_2, ambalo ndilo linalobeba ofisi nyingi zaidi kuliko bidhaa yoyote iliyotajwa hapa. Lisidharauliwe. Faili la Excel lililosahihishwa jana lina thamani kuliko jukwaa la mamilioni lililoguswa mara ya mwisho mkaguzi alipokuja.

Wafanyabiashara wa pwani wamesema tangu zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika TEHAMA hasara hiyo huenda pande mbili. Upande mmoja mtu hulipia asichokitumia: leseni mia tatu kwa wafanyakazi mia mbili na kumi. Upande wa pili hutumia asichokilipia, na siku ya hesabu huja na wakili. Mwaka 2017 mahakama jijini London iliamua kesi kati ya SAP, kampuni ya programu, na Diageo, kampuni ya vinywaji. Wateja wa Diageo walikuwa wakiagiza bidhaa kupitia mfumo mwingine, na mfumo huo ulizungumza na programu ya SAP kwa nyuma. SAP ilidai zaidi ya pauni milioni 54, na jaji akakubali kwamba matumizi hayo ya mlango wa nyuma nayo yalihitaji leseni. Rejista iliyohesabu wafanyakazi pekee isingeiona hatari hiyo, kwani waliohusika hawakuwa wafanyakazi.

Upo pia mwisho wa safari ya kifaa, ambao ofisi nyingi huuchukulia kama kazi ya kubeba mizigo. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilichukulia hivyo kwa maana halisi: ilipoondoa maelfu ya seva na diski zake, iliajiri kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wowote wa kuharibu data. Vifaa viliuzwa kwa mtu mwingine, na baadhi viliishia kwenye tovuti ya mnada vikiwa na taarifa za wateja ndani. Katika zoezi jingine la kulinganisha kumbukumbu, seva 42 hazikuonekana zilipo. Septemba 2022 msimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani aliitoza faini ya dola milioni 35, juu ya dola milioni 60 ambazo msimamizi wa benki alikuwa ameitoza mwaka 2020. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake 2022, na bado kompyuta chakavu hupigwa mnada katika pande zote mbili za mpaka. Swali la diski iliyomo ndani ya kompyuta hiyo ni la mtunza stoo, wala halimhusu dalali.

Tofauti kubwa ya familia hizi mbili, na iliyo muhimu kwa anayepanga bajeti, ni jinsi zinavyoharibika. Ukiacha makosa ya kimya kama ile nakala nusu, ratiba haiwezi kuwa na makosa kwa muda mrefu bila kutambulika, kwa kuwa inatekelezwa. Mstari uliokosewa utashindwa usiku huohuo, au utafanya jambo lisilotakiwa, na mtu ataamshwa kwa simu. Rejista haitekelezwi, husomwa tu, na husomwa mara chache. Seva iliyozimwa mwaka juzi inaweza kuendelea kuishi ndani yake ikiwa na dhamana hai na mmiliki aliyekwisha kustaafu. Makosa yake hukaa kimya mpaka siku ya moto.

Hilo linaeleza kwa nini fedha huenda kwanza kwa ratiba. Mkurugenzi aliyekosa ripoti ya asubuhi anajua anachokihitaji na atasaini leo. Mkurugenzi ambaye rejista yake ina mapengo hahisi chochote. Ukaguzi wa ndani wa Equifax wa mwaka 2015 ulikuwa umeshaeleza kwamba kampuni haina orodha kamili ya mali zake, na kwamba matundu ya usalama zaidi ya 8,500 hayajazibwa kwa wakati. Kazi ya kampuni iliendelea kama kawaida kwa miaka miwili, na ukimya huo ndio uliofanya onyo lile lionekane linaweza kusubiri.

Lakini zikirudiwa zile ripoti rasmi za visa viwili vya mwanzo, jambo la ajabu linajitokeza. Kisa cha RBS kilitokea ndani ya programu ya ratiba, ila kilichokosekana kilikuwa maarifa ya mtunza stoo: toleo gani limewekwa wapi, linaelewana na lipi, na je, ukiliondoa unaweza kurudi ulikotoka? Hakuna ratiba inayoweza kujibu hayo. Na kisa cha Equifax, kinachofundishwa kila mahali kama kisa cha orodha pungufu, kilirefushwa na tarehe iliyopita. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kuchungulia mawasiliano ya mfumo wa ACIS kutafuta dalili za wizi. Ili kifaa hicho kisome mawasiliano yaliyofungwa kwa siri kilihitaji cheti cha kidijitali, na vyeti vya namna hiyo huwa na siku ya kuisha. Kwa mujibu wa ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ya Desemba 2018, cheti hicho kilikuwa kimekwisha miezi 19 nyuma. Kifaa kiliendelea kuwaka, mawasiliano yakaendelea kupita, bila kusomwa. Julai 29, 2017 cheti kipya kiliwekwa, na siku hiyohiyo mafundi wakaona mawasiliano ya kutiliwa shaka. Ripoti inasema vyeti zaidi ya 300 vya kampuni hiyo vilikuwa vimeachwa viishe.

Cheti cha usalama ni kitu, hivyo kinapaswa kuwa kwenye rejista. Pia ni tarehe, hivyo kinapaswa kuwa kwenye ratiba. Ndivyo ilivyo leseni, usajili wa jina la tovuti, mkataba wa matengenezo, na siku ambayo mtengenezaji ataacha kutoa viraka vya mfumo endeshi wa zamani. Vitu hivi hukaa mpakani, na mpakani kila upande hudhani mwenzake analinda. Mtunza stoo ameandika cheti kipo. Mtunza ratiba hajapewa kazi ya kukihuisha. Wote wawili wametimiza wajibu wao, na kampuni imebaki bila macho kwa mwaka mmoja na nusu.

Kisa cha tatu kinaonyesha jambo hilo kwa kasi ya kutisha. Knight Capital ilikuwa kampuni kubwa ya kununua na kuuza hisa nchini Marekani. Agosti 1, 2012 soko la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya wa biashara, na Knight iliandaa programu ya kushiriki tangu siku ya kwanza. Programu iliwekwa kwa awamu kwenye seva nane zilizokuwa zikituma oda sokoni. Kwa usahihi zaidi, iliwekwa kwenye saba, kwani fundi hakuinakili kwenye ya nane, na hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua.

Seva ile ya nane ilikuwa bado na msimbo wa zamani uitwao Power Peg, ambao Knight iliacha kuutumia mwaka 2003 bila kuufuta. Programu mpya ilitumia alama ileile iliyokuwa ikiuamsha. Soko lilipofunguliwa, seva saba zilifanya kazi sawasawa na ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kujua oda imeshatimizwa. Kwa takriban dakika 45, oda ndogo 212 zilizaa miamala milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma kwa wafanyakazi barua pepe 97 zikilitaja jina la Power Peg. Hazikuwa zimekusudiwa kuwa kengele, na hakuna aliyezishughulikia. Na katika taharuki ile mafundi walifanya kilekile ambacho wenzao wa RBS walikuwa wamefanya majuma sita kabla: walirudi nyuma bila kujua nyuma kuna nini. Waliondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sahihi, na Power Peg ikaamka kwenye seva hizo pia.

Ratiba ya Knight ilitimia. Kazi ilikuwa ya tarehe ileile iliyotakiwa na soko lilifunguliwa kwa saa yake. Kilichokosekana ni hesabu rahisi kuliko zote: seva ni ngapi, kila moja ina toleo gani, na ndani yake kumebaki nini cha zamani.

Kwa sababu hiyo, ofisi yenye fedha za kitu kimoja tu ianze na rejista. Ushauri huu unapingana na jinsi wengi wanavyofanya, na una gharama: miezi ya kwanza itapita kwenye kuhesabu, kubandika namba na kuwauliza watu wasiopenda kuulizwa, bila ripoti hata moja mpya ya kumwonyesha mkurugenzi. Lakini ratiba inaweza kuendeshwa na cron kwa muda mrefu kabla haijahitaji Airflow, na cron ni bure. Orodha ya kilichopo haina mbadala wa bure unaojijaza wenyewe. Hata orodha ya udhibiti wa usalama ya taasisi ya CIS, inayofuatwa na mashirika ya nchi nyingi, huanza na hesabu ya vifaa, kisha hesabu ya programu, ndipo mengine yafuate. Desemba 2021, tundu lilipotangazwa kwenye Log4j, kijiprogramu kidogo kilichofichika ndani ya maelfu ya mifumo mikubwa, wizara moja ya serikali kuu ya Marekani ilitumia saa za kazi 33,000 kulishughulikia peke yake. Sehemu kubwa ya tabu ya tundu hilo, kwa mashirika ya kila aina, ilikuwa kutafuta kijiprogramu hicho kiko wapi.

Rejista nayo ina aina moja ya mali ambayo karibu wote huisahau: kazi zenyewe zilizomo kwenye ratiba. Mstari wa cron ulioandikwa kwa akaunti binafsi ya fundi unategemea akaunti hiyo iendelee kuwepo. Fundi akiacha kazi, idara ya rasilimali watu inafunga akaunti yake kama inavyopaswa, na huenda usiku huo uhamishaji wa makato ya mishahara usifanyike. Kila kazi ya usiku inahitaji kuwa na mmiliki mwenye jina, seva inayoiendesha, kanzidata inayoisoma, nywila inayoitumia na mahali nywila hiyo inapotunzwa. Hizo ni safu za rejista.

Safu hizo zikishajazwa, kazi inayolipa kuliko zote huchukua mchana mmoja. Fundi huchapisha majina ya seva zote zinazotajwa kwenye ratiba, kisha majina ya seva zote zilizomo kwenye rejista, na kuyapanga sambamba. Jina lililo kwenye ratiba na halipo kwenye rejista ni la mashine inayofanya kazi kila usiku bila mtu kujua ina viraka au haina. Jina lililo kwenye rejista lakini halina hata kazi moja kwenye ratiba ni la mashine iliyokwisha kuondolewa, au la mashine hai ambayo haijawahi kutengenezewa nakala rudufu. Aina ya kwanza hupelekwa kwa mtu wa usalama. Ya pili anatumwa mtu chumba cha seva, akaangalie kama taa zake zinawaka.